Wimbo Uliokataa Kuwa wa Zilipendwa: Kisa cha Kate Bush, 2022

Neno zilipendwa limebeba hukumu tumboni: nyimbo hizo zilipendwa, zikaisha, na waliozipenda sasa wana mvi. Kwa msikilizaji wa miaka 16 hukumu hiyo haina uzito, kwa sababu hakuwepo zilipokuwa zikipendwa. Kwake kuna wimbo anaoujua na wimbo asioujua, basi. Kati ya Mei na Julai 2022 wasikilizaji wengi wa rika hilo waliukuta wimbo wa Agosti 1985, wakaupandisha hadi namba moja Uingereza, na baadhi yao wakauliza huyu dada anayeimba ametoka lini.

Msanii ni Kate Bush, mwimbaji wa Uingereza, na wimbo ni Running Up That Hill. Kisa hiki kinafaa kupasuliwa kwa sababu hakina mambo mengi ya kukichafua. Siku kilipoanza inajulikana, chanzo chake kilikuwa kimoja, na msanii hakuwa na albamu mpya wala ziara ya kutangaza. Kilichobadilika ni msikilizaji peke yake. Na kinaonyesha jambo ambalo wasimamizi wa wasanii wakongwe hulikataa kwa sababu linauma: kizazi kipya hakirithi heshima ya staa. Kinapokea wimbo mmoja, katika hali moja ya moyo, halafu kinamjenga staa kuanzia hapo kurudi nyuma.

Kabla ya 27 Mei 2022

Simulizi nyingi za kisa hiki huanza kwa kusema Kate Bush alikuwa amesahaulika. Si kweli, na kosa hilo linapotosha kila kinachofuata. Kwao Uingereza hakuwahi kusahaulika. Machi 1978, akiwa na miaka 19, alikaa namba moja wiki nne na Wuthering Heights, akawa mwanamke wa kwanza kufika kileleni mwa chati ya huko kwa wimbo aliouandika mwenyewe. Septemba 1985 albamu yake ya tano, Hounds of Love, ilishika namba moja kwa kuing'oa Like a Virgin ya Madonna. Aliporudi jukwaani mwaka 2014 kwa maonyesho 22 katika ukumbi wa Hammersmith Apollo, London, miaka 35 baada ya ziara yake ya pekee, tiketi ziligombaniwa zikaisha kwa dakika chache, na mwishoni mwa Agosti mwaka huo albamu zake 8 zilikuwa ndani ya 40 bora kwa mpigo.

Ukuta uliokuwepo ulikuwa wa rika na wa bahari. Marekani wimbo huu ulifika namba 30 tu mwaka 1985, na Kate Bush hakuwa amewahi kuingia kumi bora za huko. Kijana wa Marekani aliyezaliwa 2005 hakuwa na sababu ya kumjua, na uwezekano mkubwa hata wazazi wake hawakuwa na kanda za Kate Bush kwenye gari.

Hilo la wazazi si dogo. Mwaka 2013 watafiti Carol Krumhansl na Justin Zupnick walichapisha utafiti ambao vijana walisikilizishwa nyimbo zilizovuma Marekani kuanzia 1955 hadi 2009. Kumbukumbu zao na mapenzi yao hayakulalia nyimbo za ujana wao peke yake. Yalipanda tena kwenye nyimbo za miaka wazazi wao walipokuwa vijana. Njia ya kawaida ya mkongwe kumfikia kijana, basi, ni nyumbani: redio ya jikoni, safari ndefu, harusi za shangazi. Msanii anayeingia kwa njia hiyo anaingia akiwa na alama ya mzazi. Anaweza kupendwa sana, lakini ni wa mama. Kate Bush hakupita humo, angalau kwa Wamarekani. Alifika bila alama ya mtu, na kufeli kwake kwa mwaka 1985 ndiko kulikompa usafi wa 2022.

Kuna jaribio la awali ambalo watu hulisahau. Agosti 2012 wimbo huu, ukiwa umetengenezwa upya kidogo, ulitumika katika sherehe ya kufunga michezo ya Olimpiki London. Watazamaji walikuwa wengi mno. Ukafika namba 6 Uingereza, ukashuka, na hakuna kizazi kipya kilichozaliwa. Kwa nini televisheni ya 2012 haikufanya kilichofanywa na televisheni ya 2022? Sababu mbili zinatosha. Katika sherehe wimbo ulikuwa pambo kati ya mapambo mengine. Hakuna mtu kwenye skrini aliyekuwa na haja nao. Na chati ya Uingereza wakati huo ilihesabu ununuzi tu, kwani usikilizaji wa mtandaoni uliingizwa kwenye chati ya nyimbo mwaka 2014. Anayenunua wimbo ni yule ambaye tayari anaujua na ana kadi ya benki. Kijana anayeurudia wimbo mara 30 chumbani kwake hakuwa na namna ya kuonekana kwenye hesabu.

Mlango ulivyofunguliwa

Tarehe 27 Mei 2022 Netflix ilitoa sehemu ya kwanza ya msimu wa nne wa tamthilia ya Stranger Things. Hadithi inatokea mwaka 1986. Msichana anayeitwa Max amempoteza kaka yake wa kambo na anajitenga na rafiki zake. Kiumbe anayewinda watu wenye majeraha ya moyo anamvamia akilini. Rafiki zake wanagundua kwamba wimbo anaoupenda mtu unaweza kumrudisha duniani. Wanapekua kanda zake kwa pupa, wanachomeka moja kwenye Walkman, wanamvisha vipokea sauti. Wimbo unapanda, naye anakimbia kuelekea uhai wake.

Hapa inabidi kusimama, kwa sababu wengi waliojaribu kuiga mafanikio haya wamenakili kitu kisicho. Waliona "wimbo wa zamani ndani ya tamthilia maarufu". Lakini nyimbo za zamani huwekwa kwenye tamthilia kila wiki na nyingi hupita kama upepo. Tazama kilichofanyika hapa kwa undani. Wimbo haukuwekwa juu ya tukio ili kulipamba. Ni chombo cha kuokoa maisha ndani ya tukio, na ukiutoa hadithi inakwama. Haukusikika mara moja pia. Max anausikiliza mapema katika msimu, akitembea shuleni peke yake, kwa hiyo unapofika wakati wa hatari mtazamaji ameshauzoea bila kujua. Kanda yenyewe inaonekana, inashikwa, inatafutwa. Na mwenye wimbo ni msichana wa umri wa mtazamaji, wala si mzazi anayekumbuka ujana. Kwa Max wimbo huo ni mpya, una miezi michache tu tangu utoke. Kijana wa 2022 aliuazima upya huo. Aliusikia kama kitu cha sasa cha mtu wa rika lake, japo sasa hiyo ilikuwa 1986.

Msimamizi wa muziki wa tamthilia hiyo, Nora Felder, ndiye aliyeupendekeza. Kate Bush si mtu wa kugawa ruhusa ovyo, hivyo alitumiwa maelezo ya matukio yote ambamo wimbo ungetumika, si ombi la jumla la "dakika moja na nusu". Ilisaidia kwamba yeye na familia yake walikuwa tayari wanaifuatilia tamthilia hiyo.

Sauti nayo ilibeba mzigo wake. Nyimbo nyingi za miaka ya 80 hujisaliti ndani ya sekunde kumi: saksafoni, ngoma ndogo (snare) inayolia kama mlango wa chuma uliobamizwa, solo ya gitaa ya dakika nzima. Running Up That Hill hauna hayo kwa wingi. Unaanza na mvumo mmoja unaotanda chini, kisha mdundo wa mashine ya LinnDrum aliouprogramu Del Palmer, takriban mapigo 108 kwa dakika, unaingia na hauachi hadi mwisho. Juu yake kuna kishazi kile kifupi, nusu mnyama nusu fidla, kilichochezwa kwa Fairlight CMI, kinanda cha kidijitali kilichoweza kurekodi sauti yoyote na kuipinda. Hakuna chombo unachoweza kukinyooshea kidole na kusema "hiki ni cha mwaka fulani". Aliutengeneza katika studio yake mwenyewe nyumbani kwa wazazi wake, bila prodyuza wa lebo kumwambia nini kinavuma. Mtu asiyefuata mtindo wa mwaka hana cha kuchuja mwaka ukipita.

Ilivyo kwa sauti ndivyo ilivyo kwa video, na hapa kuna kichekesho. Mwaka 1985 Kate Bush alitengeneza video ya dansi ya watu wawili waliovaa mavazi ya kijivu yanayopwaya. Haimbi mbele ya kamera hata mara moja, anacheza tu. MTV haikuipenda ikaonyesha badala yake rekodi ya televisheni ambamo alionekana akiimba. Kibiashara lilikuwa pigo. Lakini kijana aliyetafuta wimbo mwaka 2022 alikuta dansi ile ile iliyokataliwa: hakuna nywele zilizopulizwa dawa, hakuna taa za neoni, hakuna magari ya wakati huo. Ingeweza kuwa ya jana.

Hesabu iliyokaribia kumnyima namba moja

Mashabiki walioshangaa kwa nini wimbo ulisimama namba mbili Uingereza, wiki moja kabla ya kufika namba moja, walidhani watu hawakuusikiliza vya kutosha. Haikuwa hivyo. Ulikuwa unasikilizwa kuliko wimbo wowote nchini, ukazuiwa na kanuni.

Chati ya Uingereza hubadilisha usikilizaji kuwa "mauzo". Kwa wimbo mpya, mara 100 za msikilizaji anayelipia, au mara 600 za asiyelipia, ni sawa na nakala moja iliyouzwa. Wimbo uliozidi miaka mitatu unapewa uwiano mzito zaidi: mara 200 na mara 1,200. Chukua mfano wa kubuni, wimbo uliosikilizwa mara milioni 6 kwa wiki na watu wanaolipia. Ukiwa mpya unaandikiwa 60,000. Ukiwa mkongwe unaandikiwa 30,000. Masikio ni yale yale, nusu imekatwa. Kanuni hiyo iliwekwa ili nyimbo za kale zinazosikilizwa kwa mazoea zisizibe nafasi za wapya, na kwa kazi hiyo ni kanuni nzuri. Haikumfikiria msikilizaji mpya kabisa wa wimbo wa kale. Imejengwa juu ya dhana kwamba wimbo wa zamani una wasikilizaji wa zamani.

Waendesha chati waliuondolea wimbo kikwazo hicho kwa kuona kwamba ufufuo huo haukuwa wa kawaida, na chati ya 17 Juni 2022 ikaandika namba moja. Ulikaa hapo wiki tatu. Miaka 44 ilikuwa imepita tangu namba moja yake ya kwanza. Wimbo wenyewe ulikuwa na karibu miaka 37 tangu kutolewa, na Uingereza hakuna wimbo uliokuwa umechukua muda mrefu hivyo kufika kileleni. Rekodi ya awali ilikuwa ya Last Christmas wa Wham!. Akiwa na miaka 63 alimpita pia Cher, aliyekuwa na 52 alipoongoza na Believe mwaka 1998, kama mwanamke mwenye umri mkubwa zaidi kuongoza chati hiyo. Marekani wimbo uliingia moja kwa moja namba 8 na Julai ukafika namba 3, juu sana ya ile 30 ya zamani.

Fedha tupite haraka. Wimbo kutumika kwenye tamthilia unahitaji ruhusa mbili: ya utunzi na ya rekodi. Kwa wasanii wengi wa rika lake, rekodi iko mikononi mwa lebo na msanii hupata makombo. Kate Bush aliandika wimbo peke yake, akaurekodi kwake, na orodha yake hutoka chini ya lebo yake mwenyewe, Fish People. Kampuni ya takwimu Luminate ilikadiria mapato ya usikilizaji wa wimbo huo mmoja kuwa dola milioni 2.3 katika mwezi wa kwanza hivi. Kinachohusu mada yetu ni kwamba aliyekuwa na haki ya kusema hapana alikuwa msanii mwenyewe, kwa hiyo wimbo ulikuwa haujachakazwa kwenye matangazo ya bima na shampuu. Wimbo ambao kijana ameshausikia ukiuza sabuni hauwezi tena kumwokoa Max.

Walichokisikia

Kate Bush ameeleza mara kadhaa wimbo unahusu nini: mwanamume na mwanamke wanaopendana lakini hawaelewani, laiti wangeweza kubadilishana nafasi, kila mmoja angeona dunia kwa macho ya mwenzake, na kwa hilo angekuwa tayari kufanya mapatano na Mungu. Wasikilizaji wa 1985 walijadili mahusiano ya ndoa na jinsia.

Kijana wa 2022 alisikia msiba. Alisikia mtu anayejilaumu kwa kifo cha ndugu yake, anayetamani kubadilishana nafasi na aliyekufa. Maneno hayakubadilika hata moja, na tafsiri hiyo inakaa juu yake bila kulazimishwa. Mwenyewe alipozungumza na kipindi cha Woman's Hour cha BBC tarehe 22 Juni 2022, hakuwasahihisha. Alionekana kufurahishwa kwamba wimbo umempata mtu mpya wa kumbeba. Msanii mwingine angepiga darasa. Hapo wakongwe wengi huharibu: kijana akishaambiwa amepapenda mahali pasipotakiwa, anaondoka.

Mpangilio wa uzazi nao uligeuka. Kijana aliyekulia kwenye nyimbo za wasanii wa karne hii kama Florence + the Machine au FKA twigs alipomsikia Kate Bush alisema anafanana nao. Kwa kalenda ni kinyume, wao ndio wajukuu. Lakini masikio hayasomi kalenda. Yanasikia kwa mpangilio yaliyokutana na vitu. Wakosoaji walilicheka hili kama ujinga. Sisi tunaliona kama sababu mojawapo ya mapokezi mazuri. Warithi walikuwa wameshalima shamba. Uimbaji wa sauti ya juu inayopanda na kushuka kama mtu anayeigiza, ambao enzi zake za mwanzo wachekeshaji waliukejeli kwenye televisheni, kufikia 2022 ulikuwa lugha ya kawaida ya muziki wa pop.

Na kuna suala la uso. Wengi waliouliza "huyu ni nani" walimkuta mwanamke kijana kwenye jalada la albamu, amelala na mbwa wawili. Picha mpya zake ni adimu. Katika maonyesho ya 2014 aliwaomba watazamaji wasirekodi kwa simu, nao kwa sehemu kubwa wakatii, hivyo hata hayo hayajajaa mtandaoni. Kwa kijana, Kate Bush hana umri.

Aliyezaliwa siku 17 baadaye

Linganisha na Madonna. Kate Bush alizaliwa 30 Julai 1958, Madonna 16 Agosti 1958. Septemba 1985 walikuwa wakigombania nafasi moja kwenye chati moja. Kwa kipimo chochote cha mauzo, Madonna ndiye mkubwa, tena kwa mbali. Lakini uliza kizazi kipya kinamwonaje na utapata jibu gumu zaidi.

Madonna hakuondoka. Ametoa albamu, akazunguka dunia, akaweka picha zake mwenyewe mtandaoni karibu kila siku. Kijana alimjua kwa sura ya leo kabla ya kuujua wimbo. Februari 2023 alipopanda kwenye jukwaa la tuzo za Grammy kuwatambulisha wasanii wengine, mjadala uliofuata ulikuwa juu ya uso wake, mpaka akajibu hadharani kwamba anachokiona ni ubaguzi wa umri na chuki dhidi ya wanawake. Ana hoja, wanaume wa umri wake hawapimwi hivyo. Zaidi ya mwaka mmoja kabla, wimbo wake wa 1998, Frozen, ulikuwa umezunguka TikTok katika toleo lililotengenezwa upya na prodyuza Sickick, na vijana wakaupenda. Lakini sifa za Frozen hazikumlinda Madonna wa Grammy. Vilikuwa vitu viwili tofauti vichwani mwao: sauti moja nzuri kwenye klipu, na mtu mmoja maarufu wa kusengenywa.

Tusidanganyane kwamba suluhisho ni kujificha. Mei 2024 Madonna alifunga ziara yake kwa onyesho la bure katika ufukwe wa Copacabana, Rio de Janeiro, na mamlaka za huko zilikadiria watu milioni 1.6. Kujificha hakukusanyi umati huo. Ni aina mbili za uhai baada ya ujana, kila moja ina gharama yake. Aliyepo anahukumiwa kwa alivyo leo. Asiyekuwepo anapendwa kwa alivyokuwa, ila hapati nafasi ya kuwa kitu kingine.

Walinzi wa mlango

Kila ufufuo huleta mashabiki wa zamani wenye kinyongo. "Mlikuwa wapi miaka yote?" Mwaka 2022 walikuwepo, wengine wakiwatungia vijana maswali ya mtihani kuhusu albamu. Malalamiko hayo yana chembe ya haki: mtu aliyesubiri miaka 12 ya ukimya, kutoka albamu ya 1993 hadi ya 2005, anaona amedhulumiwa na mtu aliyesubiri wikendi moja. Lakini kazi ya kuyajibu ni ya msanii, na ikicheleweshwa siku chache tu sauti ya walinzi inageuka kuwa sauti ya nyumba nzima.

Bendi ya Metallica ilionyesha namna ya kulifanya. Sehemu ya pili ya msimu ule ule, iliyotoka 1 Julai 2022, ilitumia Master of Puppets wa 1986, ukaingia kwenye chati ya Hot 100 ya Marekani kwa mara ya kwanza. Mashabiki wakongwe wakaanza kununa. Bendi ikajibu yenyewe mtandaoni kwamba kila mtu anakaribishwa, na ugomvi ukakosa mbao za kuwaka. Kate Bush alifanya kwa mtindo wake: jumbe chache fupi kwenye tovuti yake, za kuwashukuru waliouinua wimbo na vijana waliougundua, na mahojiano yale ya redio. Hakuimba tena, hakutokea kwenye onyesho la mtu, hakutoa toleo lililoongezwa kasi kwa ajili ya klipu.

Kinachobaki wimbi likirudi

Juni 2023 wimbo ulivuka usikilizaji bilioni 1 kwenye Spotify. Hapo ndipo msimamizi wa orodha ya nyimbo anapotakiwa kuacha kushangilia na kuangalia wimbo wa pili. Kwa Kate Bush wa pili hauukaribii wa kwanza hata kidogo. Ana albamu 10 za studio, na sehemu kubwa ya waliokuja kwa ajili ya Max waliukumbatia wimbo wakauacha mlango wazi nyuma yao. Baadhi walivuka hadi Cloudbusting, Babooshka na Wuthering Heights. Hao ndio mavuno halisi. Bilioni ni bahati.

Mambo ya kufanya siku wimbi linapofika ni ya kuchosha, ndiyo maana husahauliwa. Angalia kwanza matoleo. Wimbo wa umri huu huwa na rekodi ya awali, iliyosafishwa sauti, ndefu ya disko, iliyotengenezwa upya, na ya jukwaani, kila moja na namba yake ya utambulisho. Msikilizaji anayetafuta akiletewa toleo lisilo lile alilolisikia kwenye skrini, anahisi "si wenyewe" na anafunga. Hakikisha lile lenyewe ndilo linalotokea juu, likiwa ndani ya albamu yake ya asili na si kwenye mkusanyo wa "vibao bora vya miaka ya 80". Mkusanyo humwonyesha nyimbo 40 za watu wengine, albamu humwonyesha nyimbo 11 nyingine za mtu huyu huyu. Hounds of Love ilisaidika hapa kwa bahati ya mpangilio: wimbo huo ndio wa kwanza kabisa. Anayeuacha ucheze hadi mwisho anaingia wa pili bila kugusa kitu.

Kosa linalofuata ni haraka ya kumpeleka kijana kwenye wimbo ambao wakongwe wanauheshimu. Upande wa pili wa albamu ile ni hadithi moja ndefu ya mtu aliyeachwa majini usiku, na wajuzi wataapa kwamba ndiyo kazi yake kuu. Pengine ni kweli. Ila aliyekuja kwa mdundo wa 108 anahitaji mdundo kwanza. Cloudbusting unamfaa, una ngoma za kutembea nazo. Ile hadithi ya majini ataifikia mwenyewe, au hataifikia.

Novemba 2023 Kate Bush aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame ya Marekani, nchi ambayo miaka 38 kabla ilimpa namba 30. Hakuhudhuria. St. Vincent, mwanamuziki aliyezaliwa mwaka 1982, ndiye aliyeimba Running Up That Hill kwa niaba yake. Jina kamili la wimbo huo kwenye albamu huandikwa likiwa na mabano, na ndani ya mabano yapo maneno A Deal with God. Hilo ndilo jina alilolitaka tangu mwanzo. Lebo yake ya wakati ule iliogopa kwamba redio za nchi zenye dini kali zingeukataa wimbo wenye Mungu kwenye jina, naye akakubali kulisogeza nyuma kwa shingo upande. Siku hizi linatokea lote kwenye skrini ya simu, na kijana anayelibonyeza haoni chochote cha kuogopesha ndani yake.